Gololi Ndani ya Gurudumu

Vitabu vya historia hutuambia habari za vita, wafalme, mikataba na mipaka ya nchi. Hayo ni mambo makubwa, na yafaa tuyajue. Lakini yako pia mambo madogo yaliyogeuza maisha ya watu kuliko wafalme wengi walivyoyageuza. Na kwa kuwa ni madogo, tena yamefichika, hayatajwi sana. Moja katika hayo ni beringi ya gurudumu. Kila kijana wa Meru na wa Embu amepata kupanda gari, na kitu hicho kimemlinda tangu alipoketi mpaka aliposhuka, wala hakukiona. Katika insha hii tutatazama kilitoka wapi, kilifikaje katika nchi yetu ya mlimani, na ni nani waliojifunza kukitoa kikichakaa na kutia kingine mahali pake. Swali hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Maana kuwa na gari ni jambo moja, na kuweza kulifungua gurudumu lake ni jambo jingine.

Tuanze na kazi yake. Sugua viganja vyako kwa nguvu, nawe utaona vinapata joto. Huo ndio msuguano. Vitu viwili vikisuguana, kimoja hukizuia kingine. Nguvu hupotea, joto huzuka, na mwisho vyote viwili hulika. Katika magari ya kale ya kukokotwa na ng'ombe, gurudumu lilikuwa na tundu katikati, na mhimili, yaani ekseli, ulipita katika tundu hilo. Watu walipaka mafuta ya wanyama, lakini mti ulilia njia nzima na tundu lilipanuka siku kwa siku. Sasa mfikiri mtu mwenye gogo zito. Akiliburura chini, atachoka kabla hajafika mbali. Lakini akiweka miti ya mviringo chini yake, gogo litabingirika, na watu wawili wataweza kazi ya watu kumi. Kubingirisha ni kwepesi kuliko kuburura: hiyo ndiyo siri yote ya beringi. Ni pete mbili za chuma cha pua, moja ndani ya nyingine, na katikati yake zimepangwa gololi, au vipingili vya chuma mfano wa pingili za muwa. Pete ya nje hushikwa na upande mmoja, pete ya ndani na upande wa pili, na gololi hubingirika katikati kwa utulivu.

Hila hii si ya jana. Magurudumu ya kwanza yanayojulikana na wanahistoria ni ya miaka 5,500 hivi iliyopita. Katika ziwa la Nemi huko Italia zilizama merikebu mbili kubwa za Kaisari Caligula, aliyetawala Roma tangu mwaka 37 mpaka 41. Ziwa lile lilipopunguzwa maji kati ya mwaka 1928 na 1932, merikebu zilionekana tena, na ndani yake wachimbaji walikuta jukwaa la mbao lililozungushwa juu ya gololi za shaba. Miaka mingi baadaye, katika karne ya 15, Leonardo da Vinci alichora mashine zenye gololi zilizotengwa zisigusane. Basi wazo lilikuwako. Kilichokosekana ni chuma kigumu cha kutosha, na mkono wa kukichonga kiwe duara kamili.

Mwaka 1794 Philip Vaughan, mfua vyuma wa Carmarthen katika nchi ya Wales, aliandikisha hati ya kuvumbua ekseli ya gari la farasi iliyozunguka juu ya gololi. Mwaka 1869 Jules Suriray wa Paris akatia gololi katika magurudumu ya baiskeli. Na mwaka ule ule, katika mashindano ya kutoka Paris mpaka Rouen, James Moore alishinda juu ya baiskeli yenye gololi hizo. Watu wakaona kwa macho. Lakini gololi za siku zile hazikulingana. Moja iliyozidi wenzake kidogo ilibeba mzigo wote, ikapasuka. Mwaka 1883 Friedrich Fischer wa mji wa Schweinfurt, Ujerumani, akabuni mashine ya kusaga gololi nyingi pamoja hata zikawa za kimo kimoja na duara sawasawa. Hapo ndipo kiwanda kilipochukua nafasi ya fundi mmoja mmoja.

Wawili wengine hawana budi kutajwa, kwa kuwa kazi zao zingali chini ya magari yetu. Wa kwanza ni Henry Timken, fundi wa magari ya farasi huko St. Louis, Marekani. Yeye aliona ya kuwa gari likiwa limepakiwa mizigo na likipinda kona, gurudumu halisukumwi kutoka juu tu, bali husukumwa na ubavuni pia. Gololi huchukua mzigo wa juu vizuri, lakini ule wa ubavuni huichosha. Mwaka 1898 alipata hati ya beringi yenye vipingili vilivyochongoka upande mmoja, navyo vikaweza kuchukua mizigo yote miwili. Wa pili ni Sven Wingquist, mhandisi wa kiwanda cha nguo katika mji wa Göteborg, Uswidi. Kiwanda chake kilijengwa juu ya udongo wa mfinyanzi. Udongo uliposogea, mihimili ilipinda na beringi zikavunjika mara kwa mara. Mwaka 1907 akabuni beringi yenye safu mbili za gololi, ambayo hujirekebisha yenyewe mhimili ukipinda kidogo. Msomaji wa kwetu, aliyeona udongo mwekundu wa mlimani ukiteleza wakati wa mvua za masika, atamwelewa Wingquist upesi.

Ilipofika vita kuu ya pili, kitu hiki kidogo kilikuwa kimekuwa roho ya mataifa. Ndege, vifaru na malori, vyote vilihitaji beringi, na viwanda vingi vya Ujerumani vya kuzitengeneza vilikuwa katika mji ule ule wa Schweinfurt. Kwa hiyo Wamarekani waliushambulia kwa ndege tarehe 17 Agosti 1943, na tena tarehe 14 Oktoba mwaka ule. Katika shambulio la pili walipoteza ndege 60 kwa siku moja, na kila ndege ilikuwa na watu kumi. Fikirini, vijana: mamia ya watu walikufa au kutekwa kwa ajili ya gololi.

Sasa na turudi nyumbani. Nchi iliyo upande wa mashariki na kusini wa Mlima Kenya ni nchi ya migongo na mabonde. Mito hushuka kutoka mlimani kama vidole vya mkono, Rupingazi, Thuci, Mutonga, Kathita na mingine mingi, nayo huishia katika mto Tana. Mtu aliyetoka Embu kwenda Meru alishuka na kupanda, kisha akashuka na kupanda tena, kutwa kucha. Wazee wetu hawakutumia gurudumu, na hilo si kwa ujinga. Katika njia nyembamba ya mgongoni, yenye magogo ya kuvukia mito, gari la ng'ombe lisingekwenda hatua mia. Mzigo ulichukuliwa mgongoni kwa mshipi wa ngozi uliopita kichwani, na waliouchukua zaidi walikuwa mama zetu.

Serikali ya Kiingereza ilijenga kituo chake Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imekwisha kufika Nairobi mwaka 1899, na baadaye matawi yake yalifika Thika na Nanyuki. Lakini Embu haikupata reli, wala Meru haikupata, hata leo. Jambo hilo yafaa tulikumbuke sana, maana ndilo linaloifanya historia ya gurudumu kuwa historia yetu. Pwani na Nyanza walipata gari la moshi na meli. Sisi tulibaki na barabara tu. Kila gunia lililotoka na kila dawa iliyoingia, ilipita juu ya bega la mtu au juu ya gurudumu la gari.

Bega la mtu liligharimu nini, vita kuu ya kwanza ilituonyesha. Kati ya mwaka 1914 na 1918 Waingereza na Wajerumani walipigana katika Afrika Mashariki mahali pasipo barabara. Malori yalikwama matopeni. Ng'ombe na farasi walikufa kwa mbung'o. Basi serikali iliwakusanya wanaume kwa maelfu wawe wapagazi wa jeshi, na watu wa nchi ya mlimani walikuwa miongoni mwao. Kwa hesabu ya serikali yenyewe, wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo huko Dar es Salaam, na la Kariokor huko Nairobi, ni ukumbusho wa kikosi hicho. Anayedharau beringi na akumbuke makaburi hayo. Mahali gurudumu lilipokosekana, mwanadamu alifanywa gurudumu.

Baada ya vita ile magari yaliongezeka. Mwaka 1922 Wamisionari wa Uskoti walifungua kazi ya hospitali Chogoria, na katika miaka ya 1930 Waafrika wa Meru, Embu na Kisii waliruhusiwa kupanda kahawa, zao ambalo Waafrika walikuwa wamezuiliwa kulipanda. Kahawa ni nzito, tena hutaka kufika sokoni. Malori yalianza kupanda mlima yakiwa matupu na kushuka yakiwa yamejaa, katika barabara za udongo zilizokuwa vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa mvua. Vumbi na maji ndiyo maadui wawili wakubwa wa beringi. Vumbi likiingia ndani ya grisi, grisi huwa kama msasa; maji yakiingia, chuma hushika kutu. Magari ya nchi hii yalikula beringi kuliko magari ya Ulaya.

Ni nani aliyezitengeneza? Katika siku hizo, ufundi wa magari ulishikwa na Wazungu na Wahindi. Reli ilipojengwa, wafanyakazi wapata 32,000 waliletwa kutoka India. Wengi walirudi kwao, na wengine wapata 6,700 wakabaki. Kati ya waliobaki, na waliowafuata, walikuwamo mafundi hodari, hasa Masingasinga, nao walifungua karakana katika miji. Mwafrika aliingia karakana kama msaidizi: kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, kushika taa, kuleta spana. Mishahara ilipangwa kwa rangi ya mtu. Serikali ilikuwa na chuo cha ufundi kwa Waafrika huko Kabete tangu miaka ya 1920, lakini nafasi zake zilikuwa chache kwa nchi nzima. Hata hivyo macho hayana pazia. Msaidizi aliyeshika taa aliona kila kitu ambacho taa ilimulika. Aliona nati ikifunguliwa, beringi ikitoka, na mpya ikigongwa taratibu mpaka ikakaa. Kwa njia hii ufundi ulipita kutoka mkono hadi mkono, bila daftari wala cheti, na twapaswa kuwashukuru wale mafundi wa Kihindi waliofundisha kwa moyo, na wale wasaidizi waliojifunza bila kuombwa.

Vita ya pili iliongeza shule nyingine. Wanaume karibu laki moja kutoka Kenya waliingia jeshini, nao walifika Uhabeshi mwaka 1941 na Burma mwaka 1944. Wengi walifundishwa kuendesha malori na kuyatengeneza njiani, mahali pasipo karakana wala mwenye karakana. Waliporudi walijua jambo ambalo haliwezi kusahauliwa: ya kuwa gari ni kitu kilichofungwa na mtu, na mtu mwingine aweza kukifungua. Baadhi yao walichanga fedha zao za jeshini wakanunua malori makuukuu ili wafanye biashara ya uchukuzi. Wengi walishindwa, kwa kuwa leseni zilikuwa shida, barabara mbaya, na malori yenyewe yalikuwa yamechoka. Lakini ufundi haukushindwa. Kisha mwezi Oktoba 1952 ikatangazwa hali ya hatari, na watu wa Meru, Embu na Kikuyu wakazuiliwa kusafiri bila kibali. Miaka hiyo barabara ilikuwa ya serikali na ya askari. Mwenye nchi alitazama magurudumu ya wengine yakipita.

Katika miaka hiyo hiyo yalianza mashindano ya magari yaliyoitangaza nchi yetu kote duniani. Yalianza mwaka 1953 kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na tangu mwaka 1960 yakaitwa East African Safari. Magari yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika katika matope na mawe, na njia za kuuzunguka Mlima Kenya zilikuwa miongoni mwa majaribu yake. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakarudi 7 tu. Mshindi alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404. Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh pamoja na ndugu yake Jaswant, katika Volvo iliyokwisha kutumika. Joginder alizaliwa Kericho mwaka 1932, naye alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva wa sifa. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976. Watazamaji waliosimama kando ya njia walijifunza somo moja: gari lenye nguvu si lile la mwendo wa kasi tu, bali ni lile ambalo vyungu vyake vya ndani, vile visivyoonekana, vimefungwa vizuri.

Uhuru ulipatikana tarehe 12 Desemba 1963, na Meru na Embu zikawa katika Jimbo la Mashariki. Peugeot zikawa teksi za kwenda mbali, matatu zikaongezeka, na mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta akaziruhusu kuchukua abiria bila leseni maalumu. Katika miaka ya 1970 vilijengwa viwanda vya kuunga magari Thika, Nairobi na Mombasa. Na kila palipokuwa na kituo cha magari, Embu, Runyenjes, Chuka, Nkubu, Meru na Maua, palizuka mafundi chini ya mti au juani. Watu wakawaita jua kali. Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi la Kimataifa waliandika taarifa juu ya Kenya, wakasema kuwa kazi za namna hiyo si uchafu wa kufagiliwa mjini, bali ni kazi halisi inayolisha watu. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi alizuru mafundi wa Kamukunji, Nairobi, akaagiza wajengewe vibanda. Hivyo yule mshika taa wa zamani akawa fundi mkuu, na mwanawe akafungua gurudumu uani kwake.

Na tuitazame kazi hiyo yenyewe, maana historia ya ufundi isiyoonyesha mikono ni hadithi tupu. Chukua gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele, lenye breki za dramu nyuma. Beringi ikianza kufa, hutoa mvumo unaopanda pamoja na mwendo, na mara nyingi hubadilika gari likipinda. Fundi huinua gurudumu, hulishika juu na chini akalitikisa, kisha hulizungusha akisikiliza. Likicheza au likikwaruza, jibu limepatikana.

Kazi hufanyika mahali pa tambarare na pagumu. Magurudumu ya mbele huwekewa vigingi, gia hutiwa, na breki ya mkono huachiliwa, kwa maana ikiachwa imekaza dramu haitatoka. Nati za gurudumu hulegezwa kabla ya kuinua gari. Jeki huinua, lakini jeki si nguzo. Mtu mwenye akili huweka stendi imara za chuma, wala haingizi kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, au na matofali. Wako mafundi waliokufa kwa kuokoa dakika tano.

Gurudumu likitoka, hung'olewa kifuniko kidogo cha katikati, pini iliyokunjwa, nati na washa. Beringi ya nje hutoka kwa mkono, kisha dramu huvutwa. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo, kwa kuwa breki nyingi za zamani zilitiwa asbesto, nayo huharibu mapafu. Lipanguswe kwa kitambaa chenye maji. Ndani ya dramu zimebaki bakuli mbili za chuma, yaani zile pete za nje. Hugongwa kwa kipande cha shaba, kidogo upande huu, kidogo upande ule, zisije zikakwama kwa kwenda mshazari. Bakuli mpya huingizwa kwa uangalifu ule ule, mpaka mlio wa nyundo ubadilike kuwa mzito. Hapo fundi hujua imefika mwisho. Bakuli na vipingili vyake ni mume na mke: havitenganishwi, wala kuukuu hakioani na kipya.

Kisha huja grisi. Fundi huweka fungu katika kiganja cha kushoto, akaisindilia beringi humo mpaka grisi itokeze upande wa pili. Kupaka juu juu hakufai kitu. Beringi ya ndani huwekwa, sili mpya hufungwa, dramu hurudishwa, na beringi ya nje hufuata. Mwisho ni nati, na hapa ndipo mwanagenzi hutambulikana. Hukazwa huku gurudumu likizungushwa, ili vipingili vikae. Kisha hulegezwa, na kurudishwa polepole kwa nguvu ndogo, mpaka gurudumu lizunguke kwa wepesi bila kucheza. Ikikazwa mno, beringi itaungua, ikilegea, italiwa. Pini mpya hutiwa, kamwe si ile ya zamani. Baada ya mwendo mfupi fundi hugusa kitovu cha gurudumu: kikiwa cha moto sana, kazi hurudiwa.

Magari mengine hayakubali kazi hii ya uani. Katika pikapu ambazo injini husukuma magurudumu ya nyuma, beringi hubanwa juu ya ekseli yenyewe kwa pete ya chuma, na kuitoa huhitaji mashine ya kushindilia. Kugonga kwa nyundo huumiza ekseli, na aibu yake huonekana siku nyingine, njiani. Fundi mzuri hujua pia kazi gani si yake.

Neno hilo si dogo kwa watu wa mlimani. Kila siku pikapu hushuka kutoka Igembe na Meru zikiwa na miraa, ambayo hupoteza nguvu yake ndani ya siku mbili hivi. Uingereza iliikataza mwaka 2014. Somalia ilizuia ndege zake mwaka 2020, ikaziruhusu tena Julai 2022. Lakini haraka ya barabarani haikupungua. Mzigo ni mzito, mwendo ni mkali, kona ni nyingi. Hapo ndipo maneno ya Timken hutimia: gurudumu husukumwa kutoka juu na kutoka ubavuni. Beringi iliyochoka hupata moto, hushikana, na yaweza kuvunja ekseli hata gurudumu likatoka. Anayeumia si dereva peke yake, bali ni abiria wa matatu inayokuja mbele, na mwanafunzi anayetembea kandokando. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na usiposikiliza mvumo utasikia kilio.

Siku hizi magari mengi hutengenezwa na kitovu kizima kilichofungwa kiwandani, grisi ndani yake, na chombo cha kuhesabu mizunguko kwa ajili ya breki. Hakifunguliwi wala hakirekebishwi; hutolewa chote kikatiwa kingine. Kazi imekuwa nyepesi kwa mkono na nzito kwa mfuko. Tena zimeingia bidhaa za uongo, zilizotiwa katika sanduku lenye jina la kampuni kubwa, hata Kenya ikatunga sheria ya kupambana nazo mwaka 2008. Kwa hiyo fundi wa leo hahitaji nyundo tu. Anahitaji kusoma nambari iliyochorwa juu ya pete, kupima, kulinganisha, na kuuliza. Hayo ni mambo yanayofundishwa darasani, katika hesabu na fizikia, ambayo wengi wenu hudhani hayana kazi nje ya mtihani.

Katika shule zetu ingali imebaki fikira moja iliyoachwa na ukoloni, ya kuwa mwenye elimu ni yule asiyechafua mikono, na mwenye grisi mikononi ni yule aliyeshindwa masomo. Historia tuliyoisoma yaikanusha. Wingquist alikuwa mtu wa kiwandani. Timken, fundi wa magari. Vaughan, mfua vyuma. Wasaidizi wa Kiafrika walionyimwa shule walijitengenezea shule yao katika mwanga wa taa ya kushika. Hakuna kati yao aliyetenga akili na mikono. Wazee wetu walibeba nchi hii mabegani kwa sababu hawakuwa na gurudumu, na baba zetu waliona gurudumu likipita wakiwa hawana ruhusa ya kulifungua. Ninyi mnayo ruhusa, mnacho kitabu, na spana iko karibu. Siku mtakaposikia mvumo chini ya gari, msiongeze sauti ya redio. Ulizeni ni gurudumu gani.